Paka Alikonda, Nikachapwa Mimi

Mliokulia mtaa wa Chuno, kule kusini kwenye mikorosho, miaka ya tisini mtanielewa nikisema tulikuwa tukirudi nyumbani tumechafuka maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, mpaka viwikoni, koo linakwaruza, na bado tunacheza mchezo wa rede mpaka tuitwe kwa majina yote matatu. Kwetu kulikuwa na paka dume wa rangi ya majivu, Bosi. Baba alipotoka Mbeya kuja kufanya kazi bandarini, alimkuta ndani ya nyumba ile, na mimi sijazaliwa. Nilipofika darasa la nne nikapewa kazi ya kumlisha: ugali wa muhogo na vichwa vya samaki, asubuhi na jioni.

Msimu mmoja wa korosho nilimpapasa mgongoni nikashtuka. Mifupa mitupu! Na huyo huyo alikuwa anakula mpaka anaramba sahani, kisha analia aongezwe. Wiki chache baadaye hata wageni walimshangaa.

Mama alikuwa mwalimu, aliyezoea kukamata waongo darasani.

"Vichwa vya samaki unakula wewe," alisema.

"Hapana mama, nampa vyote."

"Paka anayelishwa anakonda hivi?"

Fimbo ya mpera niliijua, lakini siku ile aliponichapa nilishangaa kuliko nilivyoumia. Sikuwahi kuitwa mwizi nyumbani kwetu.

Kuanzia hapo mama akaamua kumlisha mwenyewe. Siku ya tatu aliketi kwenye kigoda akamtazama akimaliza sahani nzima. Bosi hakufika hata mlangoni. Alitapika chote, kisha akaharisha palepale, kinyesi chenye damu. Mama alisimama, mkono mdomoni, akanitazama.

Alasiri baba akaja na bwana mifugo, mtu wa ng'ombe na mbuzi, aliyecheka alipooneshwa mgonjwa. Alipombonyeza tumbo, kicheko kikakatika.

"Mwalimu, humu mna uvimbe. Mkubwa. Huu si wa jana."

"Na chakula chote anachokula?"

"Anakula, ila hakimfikii mwilini. Kwa umri wake, sina la kumfanyia."

Nilikuwa uani naosha vyombo mama alipokuja akachuchumaa mbele yangu.

"Nilikuonea, mwanangu. Nisamehe."

Sahani iliniponyoka. Mzazi wa enzi zile amwombe radhi mtoto? Nani aliwahi kusikia? Nikajikuta nasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitikia, machozi yanamtoka.

Bosi alikufa siku ya nne tangu bwana mifugo aje, juu ya gunia jikoni. Mama alichimba shimo mwenyewe, hakukubali kusaidiwa na mtu.

Sasa nami nina watoto, na nawaomba radhi mara tano kwa siku: nimechelewa kuwafuata shuleni, nimesahau kununua vocha. "Poa tu, mama," wanajibu, macho kwenye simu. Sitaki wachapwe kama sisi, Mungu apishe mbali. Ila mama alinitamkia neno lile mara moja tu maishani mwake, na moyo wangu ulisimama. La kwangu linapita sebuleni kama tangazo la redio, na hakuna anayegeuza shingo.