Mguu Wenye Uliisha Hewa Myanga

Nyinyi wenye mnacheka vile natembea, sogeeni hapa, mzime hiyo redio kidogo. Huu mguu wa kushoto mnaona karibu ubaki Myanga.

Ilianza kwa matanga. Nilikuwa napika chai, sufuria kubwa, mtu angeogelea ndani na ng'ombe yake. Jiwe moja la jiko likateleza, chai yote ikanikujia mguu. Niliruka mpaka watu wa Moi's Bridge wakaniona juu. Huko hospitali Kitale kidonda kikakataa kufunga. Shimo, bana, kuku ingetaga hapo na iangue. Mwishowe daktari akatoa ngozi kwa paja, akaipanda kwa mguu vile mtu anapanda sukuma wiki. Juu yake akaweka kitu nyeupe, inateleza kama ute wa yai.

"Hii ndani iko na hewa," akaniambia. "Inaitoa pole pole. Ngozi mpya bado haijashikana na damu yako, kwa hivyo hewa ya kuishi inapata hapa. Hewa ikiisha, hii nyeupe itageuka kama maji. Badilisha siku hiyo hiyo. Ukichelewa ngozi inakufa, halafu tutaongea mambo ya msumeno."

Akanipea ingine kwa pakiti, pamoja na glavu.

Sasa mimi na hii kichwa ngumu, nikafuata bibi yangu kwao Myanga, kwa harusi ya ndugu yake. Jumapili mchana naangalia: nyeupe hakuna. Maji tupu! Na mvua ilikuwa imebeba daraja, hata bata ilikuwa inaogopa barabara. Dispensari imefungwa. Nikapigia daktari.

"Kabla jua litue," akasema, na simu ikakata.

Nikaanza kusikia mguu ukiwa baridi. Ama ni woga, sijui. Bibi yangu akashika ile pakiti. Huyo mama akiona damu ya kuku, mnaacha kuku mnabeba yeye. Akainua bandeji kidogo, akaona nyama, akakaa chini pap!

"Siwezi, baba watoto. Nitaiua."

Hapo kwa boma mtu mmoja tu alijua kufunga kidonda: mama yake, alikuwa amesaidia manasi wa dispensari miaka mingi. Na mnajua kwetu. Mkwe na mama mkwe hawagusani wala kuongeleshana, hata salamu ya mkono hakuna. Nikiingia mlango wa mbele, yeye anatoka wa nyuma kama amekanyaga siafu. Tangu nioe, nilikuwa nasikia sauti yake kupitia ukuta tu.

Na saa hiyo alikuwa nyuma ya huo ukuta, anasikia kila kitu. Jua nalo linateremka.

Baba mkwe akakuna kichwa. "Si tuite wazee kwanza, watuambie kama inaruhusiwa?"

"Hao wazee wako wataanza na chai!" mama mkwe akamjibu kutoka huko. "Nyama itangoja kikao?"

Akaita msichana wake, huyo bibi yangu: "Wewe, leta ile shuka kubwa. Funika huyo kutoka kichwa mpaka goti. Mimi sitaona mkwe. Nitaona mguu."

Nikafunikwa kama maiti. Jasho yenye nilitoa hapo ingenyunyizia shamba ya nyanya. Nikasikia mlango, maji ya moto yakimwagwa, glavu zikivutwa. Ile ya zamani ikabanduka. Halafu hakuna neno. Hakuna! Hata kuku za nje zikanyamaza. Nikajua ngozi imekufa. Nikaanza kufikiria nani nitampea viatu vyangu vya kushoto.

Kitu baridi ikatua kwa kidonda. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama!" nikalia ndani ya shuka. "Iko hai?"

"Woi!" bibi yangu akashtuka, kwa vile nimeongelesha mama yake hivyo, moja kwa moja. Mzee akakohoa, nikasikia kiti kikisukumwa.

Mama mkwe akainamia vidole vyangu, akapaza sauti:

"Wewe mguu! Ambia huyo mwenye uko naye huko juu, ngozi yako iko nyekundu kama nyanya, na anyamaze, mimi naongea na wewe!"