Jina la Sifa Kwenye Simu ya Debra

Debra Adongo wa Manyatta halali siku hizi, na ukimuuliza atasingizia mbu. Mbu gani? Ana programu ya simu aliyoiunda mwenyewe, ambamo wapenzi wa jinsia moja wa Kisumu hujuana na kuzungumza. Benki zilimkwepa, watangazaji wakaacha kupokea simu zake. Wiki iliyopita ofisi ya vibali nayo ikamwita: bila kukaguliwa, afunge.

Mkaguzi, Mzee Oyugi, alitaka kuona wanachama. Debra akamfungulia bila hofu, kwa kuwa humo hakuna jina la kitambulisho hata moja. Kila mtu amejibandika lake. Oyugi akayapitia polepole. Akamwonya asiguse chochote hadi Jumatatu, atakapokuja na polisi.

Jumamosi Debra alikwenda Seme kumzika shangazi yake. Mnajua matanga yetu Wajaluo: mchango hautolewi kimyakimya. Unashika kipaza sauti, unajisifu kwanza, umati unakuitikia. Akasimama Opiyo, mwalimu wa shule ya msingi, mume wa mtu na baba wa watoto, noti mkononi.

"An Thuon Dunga, mimi shujaa wa Dunga ninayeogopwa na viboko wa ziwani."

Watu wakashangilia. Debra alilijua jina hilo. Thuon Dunga alikuwa mwanachama wa programu yake. Hawa watu wetu jamani! Mwambie Mjaluo ajifiche nyuma ya jina, atachagua lile linalojulikana kwenye kila matanga kuanzia Seme hadi Kondele. Sisi na sifa ni chanda na pete, na Debra, Mjaluo mzima, hakuliwaza hilo.

Safu ya mbele alikaa Mzee Oyugi, naye ni wa Seme, akipiga makofi. Mikono yake ikasimama. Akageuka, akamtafuta Debra kwa macho.

Baada ya mazishi mzee alimfuata karibu na masufuria ya chakula. Debra alikuwa tayari kumwomba, hata kumlilia.

"Nyathina, mwanangu," Oyugi alisema kwa sauti ya chini, "Jumatatu sitaki kukuta jina ninalolijua."

Akaenda zake kunawa mikono. Debra hakujua kama ile ni huruma au mtego, maana ni yeye huyohuyo aliyemkataza kugusa. Aliogopa sana. Hata hivyo akatoa simu, akafuta jina la Opiyo, kisha la pili, kisha la tatu. Lake mwenyewe aliliacha. Polisi wakija, lazima wamkute mtu.