Mashine ya Wote, Ufunguo wa Mmoja

Msomaji wangu, nimetoka kumzika mtu na nina hasira. Alikuwa mtafiti wa magonjwa ya mifugo katika chuo kimoja hapa Dodoma, jirani yangu huku Msalato, mwanamke wa kucheka kwa sauti na kuchelewa kila harusi. Aliugua kwa muda mfupi, akaondoka. Wengine wamwomboleze kwa utulivu. Mimi siwezi, maana najua kilichomchosha, na aliyemchosha alisimama mstari wa mbele makaburini.

Chuoni kwao kuna mashine ya PCR, ile inayotambua kirusi kwa vinasaba vyake huku mchoro ukipanda kwenye skrini. Ililetwa itumiwe na idara zote. Idara moja ikatoa chumba cha kuiweka, mkuu wake akashika ufunguo, na taratibu mashine ikawa yake. Akaifunika kitambaa cha kufuma, kama watu wanavyofunika televisheni sebuleni. Ukiomba kuitumia, unaambiwa itachoka. Marehemu naye alikuwa na desturi yake: hakupenda kuiwasha kwa sampuli zake pekee huku nafasi nyingine zikiwa tupu. Alizunguka kwa wenzake akiuliza nani ana kipimo kinachofanana na chake, waingie pamoja, dawa za kupimia zisipotee bure. Kwa hilo walimpiga vijembe kwamba ni ombaomba.

Safari moja alinichukua kwenda upande wa Mtera, alikoitwa na mama mmoja mfugaji. Mbuzi walikuwa wakitoka makamasi, wakiharisha, wakifa. Akawachukua sampuli puani.

"Wewe si daktari?" mama akamwuliza. "Sema tu ni nini."

"Nadhani ni sotoka ya mbuzi, mama. Ila ofisi ya mifugo haitoi chanjo kwa kudhani kwangu. Nivumilie hadi kesho, mashine itasema."

Kesho yake nilikwenda naye chuoni, tukakuta mlango umefungwa. Mkuu alikuwa semina, mkoa mwingine, ufunguo mfukoni. Akampigia simu mbele yangu.

"Mkuu, shikamoo. Mbuzi wa watu wanakufa huku. Nani mwingine ana ufunguo?"

"Marahaba. Dokta, tulia bwana. Nikirudi tutaangalia. Mashine ile ni nyeti. Kitunze kikutunze."

Mkuu aliporudi, jibu likatoka: sotoka ya mbuzi. Marehemu hakulituma kwa simu, alilipeleka mwenyewe, nami nikafuatana naye. Zizi lilikuwa tupu, na ugonjwa ulishahamia kwa majirani. Mama yule hakugomba. Alitupa viti, akakaa, kisha akauliza, "Sasa daktari, hili jibu nilifanyie nini?"

Tangu siku hiyo nauchukia usemi ule wa kitunze kikutunze. Si kwamba ni uongo, ila tumeugeuza kuwa kufuli. Anayeharibu kifaa cha umma akikitumia huandikiwa barua ya onyo. Anayekifungia mpaka kikapitwa na wakati husifiwa kwa utunzaji. Ndiyo maana kuna shule zenye darubini kabatini na watoto wanaoijua darubini kwa kuichora tu. Tunawaogopesha watu wasiguse, halafu tunashangaa kwa nini hatuna wataalamu. Huu si uangalifu, ni uchoyo uliovaa tai.

Makaburini mkuu yule alishika kipaza sauti. Akamwita marehemu hazina ya taifa, akasema atapendekeza chumba cha mashine kipewe jina lake. Watu wakaitikia amina. Baada ya kuweka maua nilimsogelea, nikampa pole, nikamwuliza leo ufunguo uko kwa nani. Mkono wake uligusa mfuko wa koti.

Jina la marehemu liacheni. Chongesheni funguo, kila idara ishike wake, ili siku mama mwingine atakapouliza mbuzi wake wanakufa kwa nini, ajibiwe kabla hawajaisha.