Isipokuwa Mzigua

Mdoe wa Korogwe alizoea kutukanwa kila siku asubuhi, na siku alipokosa wa kumtukana ndipo alipoujua upweke. Msicheke, nawaeleza.

Alizaliwa Sindeni, kule Handeni, Mzigua wa baba na mama. Korogwe alikuja kijana, akawa karani kwenye ofisi ya shamba moja la mkonge, akapiga taipu miaka kumi na minane. Shamba lilipobinafsishwa alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Alitoka getini na barua ya shukrani na kompyuta moja kuukuu ambayo wenye shamba wapya hawakutaka hata kuitazama. Miaka ile si mnaikumbuka? Kila kitu kilikuwa huria. Soko huria, mitumba mpaka mlangoni, na watu wazima wamekaa barazani hawajui waende wapi. Mdoe akafungua steshenari Manundu, chumba kimoja cha kuchapa barua na kutoa fotokopi. Yeye na mkewe walishaachana, watoto wako Dar na mambo yao. Akabaki yeye na mashine.

Mashine na Fabiani, niseme ukweli. Fabiani alikuwa fundi wa korona, ule mtambo wa kukwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Alipunguzwa siku ileile. Babu yake aliletwa kutoka Tabora enzi za manamba, wale vibarua wa mkataba, kwa hiyo Fabiani alikuwa Mnyamwezi ingawa Tabora hakuwahi kuiona. Sasa Mnyamwezi na Mzigua, jamani, ni watani tangu misafara ya wapagazi ilipokuwa inapita nchi ya Wazigua kwenda pwani. Hapo hakuna kuoneana haya. Mtani anakutukana, unacheka, kesho zamu yako.

"We Mzigua, bado hujafa tu?" Fabiani angesema akiingia, bila hodi.

"Nife nani akulishe? Babu yako alipita kwetu na mzigo kichwani, mpaka leo shingo haijanyooka kwenye ukoo wenu."

"Na wa kwako alikaa kando ya njia kutuuzia maji ya dimbwi!"

Basi siku imeanza. Mtu mgeni angedhani watachomana visu, kumbe ndiyo chai yao hiyo.

Kazi iliyowakutanisha ilikuwa moja. Programu za kuandikia walizokuwa nazo zilikuwa za wizi, za Kiingereza, na kila neno la Kiswahili zilipiga mstari mwekundu kama mwalimu mwenye chuki. Halafu umeme. Mteja ameandikiwa ombi la kazi kurasa nne, umeme unakatika, maandishi yote yamekwenda na maji. Mdoe akasema, tutengeneze ya kwetu. Alikuwa amejifundisha kutengeneza programu kwa kitabu kinene alichoachiwa na mwalimu mmoja wa kujitolea. Fabiani naye akasema injini ni injini, iwe na oili au isiwe nayo, akajifunza kwa kitabu kilekile. Miaka mitatu walikaa juu ya kazi hiyo. Waliipa jina Mkeka, programu ya kuandika na kupanga kurasa, kwa Kiswahili kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Mdoe alitengeneza karibu yote. Fabiani alitengeneza faili moja tu, lakini ndilo lililokuwa moyo wenyewe: lile linaloyaokoa maandishi umeme ukikatika, ukirudi unayakuta palepale ulipoishia.

Waliamua Mkeka iwe programu huria. Maana yake, yeyote ruksa kuitumia, kuifungua na kuibadili, na kumgawia mwenzake, mradi naye asimfungie anayekuja nyuma. Hayo yanaandikwa juu ya kila faili, na ndiyo yanaitwa leseni. Mdoe alinakili leseni ya heshima, neno kwa neno, kutoka kwenye mtandao. Fabiani akamtazama, akavuta kibodi, na juu ya faili lake akaandika:

"Ruksa kwa binadamu wote kuitumia, kuibadili na kuigawa, isipokuwa Mzigua."

Walicheka mpaka mteja aliyekuwa anasubiri fotokopi akaanza kucheka na yeye, hajui anacheka nini. Mdoe aliapa kwamba jibu lake linakuja. Hakulifuta neno lile. Nani anafuta tusi la mtani? Tusi la mtani linajibiwa, halifutwi. Akawa anatafuta jibu la kumkomesha, wiki ikapita, mwezi ukapita.

Masika ya mwaka elfu mbili na tano Fabiani akaugua figo. Akapelekwa Mombo kwa dada yake Paulina, ndugu yake pekee, kwa kuwa wazazi hawakuwepo na yeye hakuoa. Hakumaliza wiki tatu.

Kwenye msiba, mtani ana kazi yake, na wenyeji wanaijua. Mtani halii. Mtani huvaa nguo za marehemu, humwigiza anavyotembea na anavyokohoa, huzuia jeneza, mpaka wafiwa wacheke hata kama hawataki. Paulina alimsubiri Mdoe kwa hilo. Alimpa mwenyewe ovaroli la kaka yake, la buluu, lenye madoa ya grisi. Mdoe akalivaa. Akasimama mbele ya watu, akafungua mdomo. Akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, kamasi zikimtoka, watu wakaangalia chini kwa aibu. Paulina akageuka akaingia ndani.

Mdoe alirudi Korogwe na ovaroli, akalitundika kwenye msumari ukutani, mkabala na kiti cha Fabiani. Asubuhi akawa anafungua duka, anasalimiwa vizuri. Shikamoo mzee, habari za asubuhi mzee, pole na kazi mzee. Heshima ile ilimuua, nawaambieni. Hakuna aliyemuuliza kwa nini bado hajafa.

Mwezi wa tisa ikaja barua pepe. Kulikuwa na kundi la watu wa programu huria huko Ulaya waliokuwa wanatengeneza sidii ya kusambazwa bure vyuo vya ualimu na shule, za Handeni zikiwemo, na Mdoe alishawapelekea Mkeka. Mkaguzi wao, mama mmoja wa Uholanzi, aliandika kwa adabu. Programu ni nzuri sana, alisema. Ila leseni za sehemu zake hazipatani. Faili moja linakataza kabila zima la watu, wakati mengine yote yanaruhusu kila mtu, na kitu kimoja hakiwezi kuruhusu na kukataza kwa pamoja. Ama mwenye faili, au mrithi wake, abadili kwa maandishi, ama faili litolewe. Sidii inafungwa mwisho wa mwezi. Halafu akauliza, kwa wasiwasi unaoonekana, kama huko wanakoishi kuna chuki ya kikabila.

Mdoe akainua mikono kujibu, akaishusha. Utamwelezaje mtu wa Uholanzi kwamba tusi lile lilikuwa undugu? Kiingereza chake kilikuwa cha barua za shamba: tumepokea yako ya tarehe fulani. Hakikutosha.

Angeweza kulifuta mwenyewe, ndiyo. Dakika moja. Lakini faili halikuwa lake, na leseni ni neno la mwenye kitu. Aliona ni sawa na kumziba mtu mdomo kaburini. Kwenda Mombo? Kwa Paulina, baada ya aibu ile? Hapana. Akaamua atengeneze faili lingine, la mkono wake mwenyewe, na la Fabiani aliweke kando. Siku nne hakufungua duka. Siku ya tano, saa nane mchana, akalijaribu. Aliandika ukurasa, akang'oa waya ukutani, akachomeka tena. Mkeka ikafunguka nyeupe pe. Haikuokoka hata nukta.

Akaketi kwenye kiti cha Fabiani, kwa mara ya kwanza. Alijua sasa kwamba bila faili lile Mkeka si kitu, na kwamba miaka mitatu ya watu wawili itabaki kwenye mashine moja Manundu mpaka ife nayo. Akasimama, akachukua ovaroli msumarini, akaenda stendi.

Paulina alikuwa pale anapouzia kila siku, kando ya barabara kuu Mombo, beseni la mayai ya kuchemsha na kachumbari mapajani, akingoja mabasi ya Arusha. Alimwona Mdoe kabla hajafika.

"Mtani wa watu," alisema, "umekuja kulia tena? Mayai yangu hayataki maji."

Mdoe akamkaribia. Akachuchumaa, akaeleza yote, sidii, leseni, mama wa Uholanzi, akatoa karatasi yenye maneno ya Fabiani aliyokuwa ameyachapa. Paulina akasoma polepole kwa kidole. Alipofika mwisho akasoma tena. Pembe ya mdomo ikamcheza, akaibana.

"Kwa hiyo mimi ndiye mrithi."

"Ni wewe tu, Paulina. Nikikosa saini yako, kazi yake haiendi popote."

"Nitasaini. Lakini kwanza unilipe."

Mdoe akaingiza mkono mfukoni.

"Pumbavu, nani kasema hela?" Akaonyesha ovaroli kwa kidevu. "Kaka yangu amezikwa kavu, kama hana watani. Mimi nilikaa mle ndani nasubiri kucheka mpaka leo. Fanya kazi yako."

"Hapa? Mbele ya abiria?"

"Ulilia mbele ya watu, si ndiyo? Basi."

Basi la Arusha likaingia, vumbi na honi, wauzaji wakakimbilia madirishani. Mdoe akavaa ovaroli. Nataka mjue alikuwa mtu wa haya, hata kanisani hakuwahi kuimba. Akapiga moyo konde.

Fabiani alikuwa na tabia moja. Kila kitu alikigonga kwa spana, akaweka sikio, akasikiliza kama injini. Meza, tikiti maji, hata watu. Mdoe akachukua kijiko cha kachumbari, akaliendea basi kwa ule mwendo wa Fabiani wa kuvuta goti la kushoto. Akagonga bampa. Akaweka sikio. Akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Hii inaumwa," alisema, na sauti ilikuwa ya Fabiani kabisa, ya kukwaruza. Akamgonga dereva aliyekuwa anashuka, tumboni. "Na huyu ndiye anayeiambukiza!"

Abiria wakaangua kicheko. Akagonga yai la Paulina. "Mama, hili silinda imeziba." Akagonga kipara cha kondakta: "Hapa hamna kitu, mmeuziwa boksi." Kisha akajilaza chali pale chini, kwenye vumbi la Mombo, kama fundi aliye chini ya gari, au kama maiti, akagonga hewa juu yake mara tatu, akasikiliza.

"We Paulina! Hili kaburi linavuja! Nani kalichimba? Mzigua?"

Paulina akapasuka. Alicheka, beseni likamponyoka, mayai yakabingirika mpaka chini ya basi, akacheka ameshika mbavu, na katikati ya kicheko machozi yakaja, mengi, ya miezi yote ile. Mdoe alibaki amelala pale pale. Yeye safari hii hakulia.

Walipotulia, wakayaokota mayai, wakakaa. Mdoe akatoa kalamu. "Nifute yale maneno ya mwisho?"

"Ukimfuta kaka yangu nitakuchapa. Andika hivi." Akamtajia taratibu, Mdoe akaandika, Paulina akasaini. Mkaguzi hakuomba muhuri, lakini karatasi isiyo na muhuri nani ataiamini? Wakaenda kwa mtendaji wa kata, wakagongewa.

Kesho yake Mdoe alibadili faili, akatuma pamoja na tafsiri. Jibu lilikuja siku ya tatu, asubuhi, duka likiwa tupu. Mama wa Uholanzi alifurahi. Leseni sasa zinapatana, alisema, kwa sababu hakuna tena aliyekatazwa. Mkeka imeingia kwenye sidii, na faili la Fabiani ndani yake. Ila alikuwa na swali moja, kama si usumbufu, kuhusu maneno mapya. Alikuwa ameyanakili:

"Ruksa kwa binadamu wote kuitumia, kuibadili na kuigawa, hata Mzigua."

Kwamba ni kabila anajua, aliandika, ila huyo Mzigua mmoja anayetajwa peke yake ni nani?

Mdoe alicheka peke yake. Na jibu likamjia hapohapo, lile alilolitafuta tangu mwaka jana, tusi tamu, la kumkomesha kabisa. Akageuka kumtupia. Kiti kilikuwa na karatasi za fotokopi juu yake. Tusi likamfia mdomoni.

Akaivuta kibodi, akatafuta Kiingereza chake cha barua za shamba, akaandika mistari miwili tu.

"Mzigua ni mimi. Sina tena mtu wa kunitukana."

Akatuma. Mlangoni mwanafunzi mmoja wa kike alikuwa amesimama na cheti cha kutoa kopi, akampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," alisema Mdoe, akainuka kwenda kuiwasha mashine.