Matairi Matano Meupe

Sisi wa kando ya mto Po, kaskazini mwa Italia, habari za maji tunazipata kwa simu. Kilele cha mafuriko kikipita mji wa Cremona, juu zaidi mtoni, leo, kwetu kitafika kesho, na mtu mwenye akili ana siku nzima ya kupandisha friji ghorofani. Mto hubisha hodi. Ukungu ndio hauna adabu.

Uwanja wetu wa ndege uko ndani ya tuta kuu, upande wa mto, kwenye ardhi ambayo mto huja kuidai kila baada ya miaka michache. Ni ukanda wa nyasi kati ya mashamba ya mipopla, miti mirefu ya mbao, banda moja la mabati, na matairi makuukuu yaliyopakwa chokaa, moja kila hatua hamsini, kuonyesha ukingo wa njia ya kurukia. Mlinzi wake ni Nives Bedogni. Miaka thelathini na mmoja alishona sweta kiwandani Carpi. Urubani alijifunza akiwa na miaka arobaini na sita, na alipostaafu sisi wenye ndege tulimpa ufunguo wa banda, kwa kuwa kati yetu sote ni yeye tu aliyekuwa akifika kwa wakati.

Ndege yake aliiunda mwenyewe ghalani kwa kaka yake, majira tisa ya baridi. Mifupa ni mabomba ya chuma. Ngozi ni kitambaa alichokishona kwa mkono, fundo baada ya fundo, kikakazwa mpaka kikalia kama ngoma ukikipiga kidole. Hakuipa jina. "Kaka yangu alimpa ndama jina," aliniambia, "Krismasi ikawa na machozi mezani."

Alikuwa na daftari la shule lenye jalada la kijani, na ndani yake ndimo ulimokuwa mpango wetu wote wa mafuriko: vipimo vya mto, simu za viwanja vya vilimani, mafuta ya kila ndege. Nusu tangi, si zaidi, maana ardhi iliyolowa haimwachii mzito. Ukurasa wa kwanza aliandika sheria mbili kwa wino mwekundu. Asiyeona matairi matano mbele yake haruki. Mlinzi wa uwanja huondoka wa mwisho.

Ijumaa moja ya Novemba jua lilikuwa limewaka utadhani kiangazi. Saa nne asubuhi alitupigia simu, mmoja mmoja, nami mwalimu wa shule nikiwamo.

"Mwalimu, Cremona imepanda. Kesho mchana tutakuwa na samaki bandani. Njoo uchukue ndege yako."

"Bi Nives, nje kuna jua, na dada yangu anapika tortelli."

"Jua halijui kuogelea. Njoo."

Ndege zilikuwa saba pamoja na yake. Tano ziliondoka kabla ya saa saba. Mimi nilikuwa mezani kwa dada yangu, na dada yangu alikuwa ametengeneza tortelli, zile tambi zilizojazwa boga, na nilisema moyoni, sahani moja tu. Zikawa mbili. Nilifika uwanjani saa tisa kasorobo. Nives alikuwa amekwishapasha injini ya ndege yake mara mbili na kuizima mara mbili, akinisubiri. Alinisukumia ndege hadi kwenye nyasi, akatazama tangi langu, akanipungia mkono.

Nilipopaa juu ya mipopla ndipo nilipouona. Ulikuwa umelala juu ya mto, mweupe, ukitambaa kuja kwetu bila sauti. Nilishika redio.

"Bi Nives, ukungu uko mtoni."

"Nimeuona."

"Ondoka sasa hivi."

"Naona matairi matatu," alisema. "Wewe nenda."

Nilikwenda. Nilitua vilimani kwa Ermes, mwenye uwanja wa lami, jua likiwa bado linachoma shingo.

Jumamosi alfajiri nilirudi kwa gari. Pengo la tuta, ambamo gari na matrekta hupita, lilikuwa limezibwa tangu jana jioni kwa mbao na magunia ya mchanga. Nililipanda tuta kwa miguu, nikashuka upande wa pili ndani ya ukungu kama mtu anayeingia kisimani. Nives alikuwa ameketi bandani kwenye ndoo iliyopinduliwa, koti limefungwa hadi kidevuni. Alikuwa amelala humo humo.

"Tortelli zilikuwa nzuri?" aliuliza.

Nilivuta ndoo nyingine karibu.

"Basi kaa. Tusubiri."

Hakukuwa na njia nyingine. Tuta ni refu kama nyumba na nyasi zake zinateleza. Ndege yenye mabawa haipandi huko. Pengo limefungwa. Chini maji, juu ukungu, nasi katikati, tukisikiliza matone yakidondoka kutoka kwenye mabati. Saa tatu alimpigia Ermes.

"Huku nimevaa shati tu, Nives," Ermes alisema, sauti yake ikisikika hadi nilipokuwa. "Ninaliona bonde lote la Po. Ukungu ni kama pamba. Hauzidi mita sitini. Ukitoboa tu, uko juani."

"Na mipopla ina mita ngapi, Ermes?"

"Thelathini," alisema.

Saa tano tuliitoa ndege. Aliwasha injini, akasogea hadi mwanzo wa njia, nami nikasimama kando ya bawa. Tairi la kwanza. La pili. Mara ukungu ulisogea kidogo nikaliona la tatu, na la nne likaanza kuwa kitu, kisha likaacha kuwa kitu. Nilimtazama usoni. Mkono wake ulikuwa kwenye wenzo wa mafuta. Sekunde ishirini angekuwa kwenye jua. Nilijua analihesabu hilo, na kama angeusukuma ule mkono nisingemzuia. Tulikaa hivyo kwa robo saa nzima.

"Ngapi?" aliuliza.

"Mawili."

Alizima injini.

Kutoka juu ya tuta, Vainer wa kikosi cha kujitolea aliita kwa kipaza sauti. "Nives, maji yamefika kwenye tuta dogo la kando ya mto. Toka humo, mama, nimechoka kukuhesabu miongoni mwa waliobaki."

"Hesabu magunia yako," alijibu, bila kupaza sauti.

Tuliirudisha bandani tukaifunga kamba pande nne kwenye nguzo. Kisha akafungua milango yote, ya mbele na ya nyuma. Hivyo ndivyo wafanyavyo wenye nyumba za ndani ya tuta: mto ukija unauachia uingie na utoke, maana mlango uliofungwa hugharimu ukuta. Nilidhani amemaliza. Akachukua begi lake la kiwandani, akatoa mkasi.

"Ngozi ikiwa nzima, ndege itaelea," alisema. "Itajigonga kwenye paa hadi mifupa ivunjike."

"Niachie mimi."

"Wewe hujui mishono iko wapi."

Alianza tumboni mwa ndege. Kitambaa kilitoa mlio mkavu kila kilipopasuka. Alikata kwa utaratibu, mstari kwa mstari, chini ya bawa la kulia na kisha la kushoto, akiepuka mafundo.

Mto hatukuuona ukiingia. Tulisimama juu ya tuta pamoja na Vainer, tukausikia: kwanza mipopla, kisha bati likilia mara moja, kisha sauti ndefu ya kitu kinachopita.

"Haigongi paa," Nives alisema.

Ukungu ulikaa siku tatu.

Mifupa ilibaki mizima. Sasa yuko kwenye baridi ya pili ya kushona upya, ghalani kule kule, nami Jumapili hushika upande wa pili wa kitambaa. Mara moja nilimwambia aifute ile sheria ya mlinzi kuondoka wa mwisho. Hakuinua macho.

"Vuta," alisema. "Umelegeza."