Saa ya Mama

Baba alikuwa fundi saa. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la posta, chembamba hata mteja mnene aliingia kiubavuubavu. Saa za ukutani zilibishana humo kutwa nzima, hakuna iliyokubaliana na mwenzake. Siku hizi wanauza kava za simu pale, na nikipita roho inaniuma kweli.

Vidole vyake vilinenepa polepole. Pete ya ndoa ilimbana hadi ikakatwa kwa msumeno. Viatu vilimkataa, akawalaumu washonaji. Kichwa kikimgonga, alisingizia lenzi anayobana jichoni. Mama alimtania kwamba mapishi yake ndiyo yanamnenepesha.

Utani uliisha siku saa ndogo ya Mama iliposimama. Baba, aliyezoea kuifungua huku akipiga soga, alishindwa kuishika skrubu. Akaifunga kwenye kitambaa, akasema ataitengeneza, akaitia kwenye droo. Hakuigusa kwa miezi mingi.

Aliyegundua ni daktari mmoja aliyekuja kuchukua saa yake. Alitazama mikono ya Baba, kisha taya, kisha akaomba kuona picha yake ya zamani. Mama alikwenda nyumbani akaleta ya harusi. Walipoishika karibu na uso wa Baba, Mama aliketi sakafuni. Alikuwa akilala na kuamka na mtu anayebadilika sura, na hakuona, kwa kuwa alimwona kila siku.

Vipimo vya damu na picha ya kichwa vilionyesha uvimbe, usio saratani, kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo. Ulikuwa ukimwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi. Madaktari wa upasuaji waliutoa kwa kupitia puani. Baba hakuuliza kama atapona, aliulizia vidole. Daktari hakumficha: nyama itapungua, mifupa iliyokua haitarudi, na damu ipimwe kila mara maana uvimbe huweza kuota tena.

Maumivu ya kichwa yaliisha. Vidole vilipungua kidogo, akaitoa saa ya Mama kwenye droo, lakini skrubu ilimponyoka, ikamponyoka tena. Mama akavuta kiti, akamtoa kibanio mkononi.

"Haya, niambie pa kuiweka."

"Kushoto. Taratibu, mama watoto."

Saa ikatembea. Baba alitokwa na machozi mbele yangu, wala hakujificha.

Tangu siku hiyo chini ya ngazi palikuwa na viti viwili, na wateja wanene walihudumiwa mlangoni.