Dereva wa Gari la Deraya

Wiki iliyopita tulikuwa Chang'ombe kuhamisha vitu vya mama. Nyumba imeshapata mwenyewe mwingine na mama anahamia kwangu Mbagala. Kwenye droo ya kabati la vyombo nikakuta kasha la miwani la marehemu baba. Miwani haikuwemo. Kilichokuwemo nitakueleza, rafiki yangu, ila niache nianze mwanzo, maana nikikurupuka nitajipendelea, na katika jambo hili sistahili kupendelewa. Mie niliishia darasa la saba. Naandika kwenye madaftari haya kwa kuwa kichwa hakinyamazi, basi.

Baba alikuwa karani kwenye maghala ya bandarini. Siku moja alirudi na boksi alilopewa na baharia mmoja aliyekuwa anapunguza mizigo yake. Juu ya boksi palichorwa gari la deraya, yale ya jeshi ya siku hizi: magurudumu manane, mbavu za chuma zilizoinama, mzinga juu. Nilipofungua sikuona gari. Niliona vipande vya plastiki ya kijani, vingine vidogo kama kucha, vimeshikana kwenye fremu zake kama majani ya mlonge kwenye kijiti, kila kimoja na namba yake. Ilikuwa juu yetu sasa kuliunda.

Tuliliunda Jumapili baada ya ibada. Siku hiyo nyundo za mafundi bati wa mtaani kwetu zilikuwa kimya, ukasikia hata makande ya mama yakitokota uani. Baba alitandika gazeti mezani, akavaa miwani, akakunjua karatasi ya maelekezo. Maandishi yake hatukuyajua hata herufi moja, tulifuata michoro. Mie nilikata kipande kwa kikata kucha na kukisugua kwa msasa. Baba alipaka gundi kwa njiti ya kibiriti. Kisha tulivibana vipande kwa vidole, tukihesabu pamoja hadi thelathini, pole pole, gundi ishike. Mie nilitaka tuendelee. Yeye alifunga boksi. "Hatua moja, Jumapili moja," alikuwaga anasema.

Kipande kimoja tu alikikata mwenyewe na kukiweka mbali nami: dereva, kichwa na mabega, mdogo kuliko punje ya hindi. "Huyu ataingia mwisho, na nitamweka mimi. Gari bila mtu ni bati tu."

Jirani yetu, mama mmoja mcheshi, akipita dirishani hakosi neno. "Mama we! Mtoto wa kike anaunda vita! Ugali atasonga nani?"

Mama alimjibu kutoka uani, "Atasonga huyo huyo, shoga. Tena safari hii ukija kula bila hodi, unapigwa mzinga."

Walicheka mpaka baba naye akaacha kuhesabu. Tukaanza upya, moja.

Halafu macho ya baba yakaanza kwenda. Ilikuwa sukari. Kwanza alisogeza karatasi dirishani, kisha akaniomba nimsomee namba, kisha ikawa mie napaka gundi na yeye anashika tu. Jumapili moja, kazini hata haendi tena, aliniambia, "Tuwahi, fundi wangu. Nataka nilione limekamilika."

Zilibaki hatua mbili. Nami nikajiona mjanja: nizimalize katikati ya wiki, Jumapili akute gari zima. Gundi ilikuwa imekaukia kwenye chupa. Nikaenda kwa fundi wa kupiga magari rangi, nyuma ya nyumba yetu, nikaomba tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba yule fundi alinipa kitu kibaya. Si haki. Alinipa kwenye kizibo cha soda na akasema, "Tone moja tu, binti. Tina inakula plastiki." Nilisikia vizuri. Tone moja nikaliona halishiki, nikamimina.

Paa lilizama kama ugali wa maji. Magurudumu ya kushoto yakaungana, mzinga ukainama. Nilipuliza, nikapepea kwa daftari, nikamwita Mungu. Alama za vidole vyangu zilibaki ubavuni mwake.

Jumapili ilipofika nilimwambia baba, "Nimekumalizia." Wakati huo alikuwa anaona mwanga na vivuli tu. Akanyoosha mkono. "Rangi bado mbichi, baba," nikasema, nikaliweka juu ya kabati.

"Dereva je?"

Dereva sikujua alipo. Nilidhani ameshapotea. "Nimeshamweka."

Baba alirudisha mkono. "Haya," akasema. "Basi gari lina mtu."

Tangu hapo kila aliyekuja kumjulia hali alionyeshwa kabati. "Mwanangu amelimaliza peke yake, liangalieni." Watu wazima na akili zao walikuwa wanatazama lile donge la kijani, wananitazama mie, wanasema limependeza. Mzee wa Kiarabu mwenye duka la kona alisema maashallah, macho yakiwa chini. Kesho yake nilipokwenda kununua chumvi akaniambia, "Mwambie mzazi wako mwenyewe, binti. Hayo hayasemwi na jirani."

Nilijipangia kumwambia Jumapili ile. Nikapanga nyingine. Baba hakuomba tena kuligusa. Alifariki kabla sijapata Jumapili inayofaa. Baada ya arobaini nililichukua gari nikalitupa jalalani, kitu cha kwanza cha mikono yetu wawili, na cha mwisho.

Sasa, hilo kasha. Ndani mlikuwa na kitambaa cha kufutia miwani, kimekunjwa mara nne. Ndani ya kitambaa, dereva.

Nimejaribu kuwa mwadilifu. Labda baba alisahau kwamba anaye. Labda mtu mwingine ndiye aliyemweka humo. Nikamuuliza mama, akaacha kufunga sufuria. "Kasha hilo? Baba yako hakulitoa mfukoni mpaka tunampeleka hospitali. Miwani alishaigawa. Nikimuuliza unabeba kasha tupu la nini, anacheka."

Kwa hiyo aliponiuliza habari za dereva, alikuwa naye mfukoni. Na watu wote wale aliwaonyesha kazi yangu akiwa naye mfukoni. Sijui kama alikuwa ananisamehe au ananisubiri niseme. Mengine yote ningeweza kuyabeba, ila hili la kusubiriwa linanimaliza.

Nyuma ya nyumba sasa kuna ukuta, fundi rangi hayupo, duka la kona limekuwa la simu. Mwanangu alinitafutia gari lile kwenye simu, kuna mengi yanayofanana nalo. Nilimwambia aache. Hata likipatikana, nitamwonyesha nani?

Jana ilikuwa Jumapili. Nilitandika gazeti mezani, nikambana dereva katikati ya vidole viwili, nikahesabu pole pole hadi thelathini. Nilipoachia, akaanguka.